Verlin Ratzlaff na Gari Lake la Bluu

Marehemu mwenyewe ndiye aliyetaka wasifu huu usomwe na mimi, Neoma Penner, dada mkubwa wa mkewe. Mchungaji alishangaa, na hata mimi nilishangaa. Verlin alimwambia hivi: "Asome shemeji. Huyo hajui kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa." Basi mliokuja kusikia sifa tupu mnivumilie. Mnanijua. Nimekaa dirishani pa posta ya Friedfeld miaka mingi, na sijawahi kuamini kitu kwa sababu tu nimeambiwa.

Verlin Jakob Ratzlaff alizaliwa tarehe 9 Machi 1949, katika shamba la wazazi wake, Jakob na Elma Ratzlaff, maili nne kusini mwa Friedfeld, jimboni Kansas. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Mama yake alikuwa akisema kwamba alichelewa kusema, na alipoanza alisema neno moja moja, kama mtu anayelipia kila neno.

Alisoma katika shule ya hapa hapa Friedfeld na kumaliza mwaka 1967. Hakuwa wa kwanza darasani, wala wa mwisho. Alibatizwa katika kanisa hili mwaka 1965. Vijana wa taifa walipoitwa vitani, yeye alikataa kushika bunduki kama vijana wetu wengi walivyokataa, akapangiwa kutumika hospitalini kule Denver, kuanzia mwaka 1968 hadi 1970. Huko alisukuma vitanda na kufua mashuka ya wodi ya watoto. Aliporudi alikuwa anajua kumpakata mtoto mchanga kuliko wanawake wengi wa hapa, jambo ambalo mimi, niseme kweli, lilinitia wasiwasi. Mwanamume wa miaka ishirini na moja kajifunzia wapi vile?

Alimwoa mdogo wangu Twila katika kanisa hili tarehe 12 Juni 1971. Kabla ya harusi nililipekua gari lake. Nilikuta kitambaa cha kichwani cha kike chini ya kiti, nikakipeleka mezani mbele ya watu wote na kukiweka karibu na sahani yake. Verlin alikitazama akasema, "Asante, shemeji. Nilikuwa nakitafuta. Mama alinipa nifutie kioo." Mama yake alithibitisha. Hata hivyo nilikinusa. Mungu aliwajalia Twila na Verlin binti mmoja, Janelle, aliyezaliwa mwaka 1975.

Kwa kazi, marehemu alikuwa fundi makanika wa ghala la nafaka la ushirika hadi alipostaafu mwaka 2014. Tangu mwaka 1976 alikuwa pia mzimamoto wa kujitolea. Kituo chetu cha zimamoto mnakijua: hakuna mtu anayelala pale. Moto ukitokea wanaume wanaitwa kutoka mashambani na mezani. Lakini sisi watu wa mji mdogo tuna tabia yetu, hatuangalii saa wala vibao vya mlangoni, tunaangalia magari. Pikapu ya fulani ikiwa nje ya mkahawa, fulani yuko ndani anakunywa kahawa. Ikiwa nje ya nyumba isiyo yake, basi tunakuwa na la kuzungumza. Pikapu ya Verlin ilikuwa ya bluu, mlango mmoja umepakwa rangi isiyofanana na mwingine. Ikionekana mbele ya kituo, kila mtu alijua Verlin yumo.

Sasa nafika pale mnaponingoja nifike. Mnadhani siwaoni mnavyojisogeza kwenye viti?

Jumanne tarehe 13 Januari 2004, mchana, Verlin alikwenda kituoni kukagua gari la maji. Alipotaka kurudi, betri ya pikapu ilikuwa imekufa kwa baridi. Akaliacha gari pale pale mlangoni, akabeba betri mgongoni, akaja nyumbani kwa miguu kuichaji. Jioni ile mimi nilikuwa mgeni wao. Tulikula vereniki, vile vifuko vya unga vilivyojazwa jibini, kwa mchuzi wa krimu na soseji. Verlin alikuwa mbele yangu tangu tulipoomba mpaka sahani ikawa tupu, na hakuinuka hata kwenda chooni. Shikeni hilo.

Baada ya chakula alibeba betri akarudi kituoni. Theluji ilikuwa imeanguka mchana kutwa na sasa imetulia. Kofia yake akaisahau kwenye kiti. Nikampelekea kwa gari, kwa sababu ya baridi, na kwa sababu nilitaka kujua kwa nini mtu asahau kofia usiku kama ule. Nikamkuta mbele ya kituo, ana beleshi mkononi, anazoa theluji kwa haraka kama mtu anayezima moto. Taa za ndani zinawaka. Karibu na hita kuna kapu la nguo za kufua, na ndani ya kapu kuna mtoto mchanga, wa kike, kafunikwa mablanketi mawili na koti la mtu mzima.

Akaniambia, "Shemeji, ingia ukae na mtoto. Leo usiniulize kitu."

Kuniambia mimi hivyo! Nikamwuliza mara moja kwa nini anazoa theluji wakati kuna mtoto ndani. Hakunijibu, akaendelea mpaka njia yote ya mlangoni, upande wa dirishani, hadi barabarani na ng'ambo kwenye kibaraza cha kanisa pakawa hapana theluji. Ndipo akapiga simu.

Sheria ya jimbo letu mnaijua, ingawa wakati ule wengi wetu tulikuwa tumeisikia tu redioni. Mzazi asiyeweza kumlea mtoto wake mchanga anaruhusiwa kumkabidhi kwa mhudumu wa zimamoto au hospitali, akaondoka. Haulizwi jina wala hashtakiwi. Lakini lazima akabidhi mkononi mwa mtu. Akimwacha mlangoni pasipo mtu, hiyo ni kumtupa, na anayetupa hutafutwa, na akipatikana ni jela.

Sherifu Koehn alikuja mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeketi karibu na hita na mtoto mapajani. Akamwuliza Verlin, "Wewe ulikuwa ndani ya kituo jioni hii yote?"

"Ndiyo."

"Ulimpokea mkononi mwako?"

"Ndiyo."

"Mama mwenyewe yukoje?"

"Sheria inasema nisiulize."

Sherifu akachungulia nje, akaona gari la bluu limeegeshwa pale na theluji juu yake, akaandika kwamba Verlin alikuwepo tangu mchana. Mimi sikuulizwa. Ningeulizwa ningesema, naapa. Samahanini, hatuapi. Na hilo ndilo lililonichoma. Sisi watu wa kanisa hili hatuapi hata mbele ya hakimu, kwa sababu Bwana alisema ndiyo yetu iwe ndiyo. Babu zetu walifungwa kwa ajili ya neno hilo. Na shemeji yangu, aliyekuwa na meno ndani ya vereniki saa hiyo hiyo, alisema ndiyo mbili za uongo mbele yangu bila kope kutikisika.

Mtu hasemi uongo wa namna hiyo kwa ajili ya mtu asiyemjua. Ndivyo nilivyofikiri, nanyi ndivyo mlivyofikiri, msiniachie peke yangu. Nilimkagua mtoto yule kuanzia utosini hadi kidole cha mguu nikitafuta pua ya akina Ratzlaff. Haikuwapo. Lakini mtoto mchanga hana pua ya kuaminika. Hospitali ikamchukua, jimbo likampatia wazazi, na sisi tukabaki na maneno.

Pafukapo moshi pana moto, na Verlin alizidi kuongeza kuni. Mwaka 2005 kanisa lilimchagua kuwa shemasi, akakataa. Wazee walimwuliza sababu, akasema hastahili kusimama mbele ya watu. Basi! Nani hakusema siku ile kwamba amekiri? Kabla ya hapo, majira ya kuchipua, alikuwa amefunga kengele kwenye mlango wa kituo na kuvuta waya nguzo kwa nguzo hadi jikoni kwake, ili anayebonyeza pale asikike kwa Twila. Nilimwuliza mdogo wangu kama amewahi kuona wapi mume akimwekea hawara kengele ndani ya jiko la mkewe. Na ile pikapu haikuonekana tena mbele ya kituo bila Verlin mwenyewe kuwa ndani. Siku moja ilikataa kuwaka, akaisukuma hadi nyumbani, akikataa kungoja watu wamvute kesho yake asubuhi. Nikalitia na hilo kwenye hesabu.

Nilimwambia Twila arudi kwetu. Aliniambia, "Dada, nilimwuliza, akanijibu. Yaishe." Alijibiwa nini, hakunieleza. Miaka yote hiyo alimkatia mkate, akamfulia ovaroli, akaketi naye kiti kile cha tatu mkono wa kushoto huku watu wakimtazama shingoni. Nilimwonea huruma mdogo wangu, na nilimchukia mumewe. Nasema hivi mbele ya jeneza lake kwa sababu yeye alijua.

Mnamo Agosti 2024 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa Wichita kwa miezi miwili, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Alhamisi zilikuwa zamu yangu ya kukaa naye ili Twila apumzike. Alhamisi moja ya Desemba nilimwuliza waziwazi, kwa sababu muda ulikuwa unatuishia.

"Verlin, yule mtoto ni wako?"

Alicheka mpaka nikaogopa. Akapumzika, kisha akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema siku moja. Alisema kwamba alipofika na betri yake alimkuta mtoto mlangoni, na theluji ilikuwa na nyayo. Zilikwenda mlangoni. Zikatoka zikaenda dirishani, zikarudi mlangoni. Kisha zikavuka barabara mpaka kibaraza cha kanisa, na pale theluji ilikuwa imekanyagwa kanyagwa na mtu aliyesimama. Akasema, "Alibisha, shemeji. Aliliona gari langu akadhani nimo. Gari langu ndilo lililomdanganya. Anayetupa mtoto habishi hodi."

Ndiyo maana alizoa theluji, sherifu asizisome nyayo zile na kumfuata mwenyewe. Na ushemasi aliukataa kwa sababu alisema uongo, na uongo ni uongo.

Niliamini? Thubutu. Maneno yalikuwa mazuri mno, na mtu mgonjwa ana muda mwingi wa kutunga. Nyayo zenyewe alizifuta kwa mkono wake, nani mwingine aliziona? Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya huyu ilikuwa na miaka ishirini. Nilimfunika miguu nikaenda kupasha supu.

Verlin alifariki nyumbani kwake Jumapili tarehe 2 Februari 2025 asubuhi, Twila akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Wasifu huu ulipaswa kuishia hapo, na kwenye karatasi mliyopewa unaishia hapo. Haya mengine nayasema kwa mdomo. Jana, watu walipokuja kuuaga mwili, nilisimama mlangoni na kitabu cha wageni. Aliingia mwanamke nisiyemjua. Sitasema umri wake wala nywele zake. Alisimama kwenye jeneza muda mrefu, na aliporudi nikamwuliza kama ninavyomwuliza kila mtu: wewe ni wa kina nani, na ulimjulia wapi marehemu?

"Sikumjua," akasema. "Nililijua gari lake tu."

Nikamwambia magari ya bluu ni mengi. Yeye akasema hili lilikuwa na mlango mmoja wa rangi nyingine. Alisema aliliona akajua kuna mtu. Alibisha mlangoni, akaenda kuchungulia dirishani, akarudi kubisha tena. Kisha akavuka barabara, akasimama kibarazani pa kanisa mpaka alipomwona mwanamume anakuja na mzigo mgongoni, anautupa chini, anamwinua mtoto.

Mlangoni, dirishani, mlangoni, kibarazani. Ukimwacha mdogo wangu, watu watatu tu duniani walikuwa na habari ya nyayo zile, na mmoja yumo humu kwenye jeneza, na mwingine ni mimi.

Akaniuliza, "Gazeti liliandika kwamba yeye alikuwa ndani na alimpokea mkononi. Hakuwa ndani. Kwa nini alisema vile?"

Nikamjibu, "Kwa sababu ulibisha hodi."

Alilia, na mimi nililia. Kitabu cha wageni kilikuwa wazi kati yetu, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nilikifunga. Mimi, Neoma Penner, sikumwuliza jina. Nimesema haya kwa ruhusa yake. Kama yuko humu, msigeuke kutazama. Na Bwana Koehn, najua umestaafu, lakini ukitaka kumkamata Verlin kwa zile ndiyo mbili, huyu hapa.

Marehemu ameacha mjane, Twila, ambaye alijua na kunyamaza. Binti yake Janelle na mumewe Curtis Dirks wa Wichita. Wajukuu wawili, Brody na Maren. Kaka yake Menno. Na shemeji mmoja. Ameacha pia binti mmoja wa miaka ishirini na moja, popote alipo, ambaye si damu yake. Narudia kwa ajili ya wale wa viti vya nyuma: si damu yake.

Vijana wa zimamoto walimwuliza Twila kama waing'oe ile kengele ya jikoni. Amekataa, na mimi nahamia kwake, chumba kilicho karibu na jiko. Lala sasa, Verlin. Ikilia tutakwenda kufungua, na hatutauliza kitu.