Historia ya Dada Sikio na Masafa Yaliyokaliwa Bure

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, mimi ni mdogo wake anayemfuata kwa kuzaliwa, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la utani la Sikio. Jana baba mdogo aliniomba nilainishe maneno kwa sababu tutakuwa na wageni wakubwa, nikamwitikia, nikalainisha nilipoweza, na pale palipokataa kulainika naomba mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1971, katika zahanati iliyo nyuma ya posta, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne. Mama yetu alikuwa opereta wa simu katika posta hiyohiyo, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumwachia mtoto, dada alikulia chini ya meza ya mitambo, katikati ya nyaya, na kabla hajajua kusoma alikuwa akimvuta mama sketi kumwambia kwamba laini fulani imekufa, mama akijaribu anakuta ni kweli. Ndiko lilikotoka jina la Sikio, na alilipenda kuliko hilo mnaloliona limeandikwa kwenye jeneza.

Alianza elimu ya msingi mwaka 1978, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi mwaka 1988, kisha akajiunga na chuo cha ufundi alikohitimu stashahada ya mawasiliano ya redio mwaka 1992, akiwa msichana peke yake darasani, na mwalimu wa karakana aliyemwambia siku ya kwanza kwamba darasa la ushonaji liko ng'ambo ya uwanja ndiye aliyekuja kumsindikiza kwenye usaili wa kazi.

Tarehe 1 Machi 1993 aliajiriwa na mamlaka ya mawasiliano, na mwaka 2006 akafanywa mkaguzi wa masafa, kazi ambayo hata sisi nyumbani ilituchukua miaka kuielewa. Masafa ni njia za hewani zinazopitisha sauti za redio, na serikali huyagawa kama inavyogawa viwanja, unapewa leseni, unatakiwa ujenge, usipojenga unanyang'anywa anapewa mwenye shida nacho. Kazi ya dada ilikuwa kuzunguka na gari lenye antena akisikiliza nani amejenga na nani amekalia kiwanja kitupu huku akingoja bei ipande.

Sasa ofisi yao ilikuwa na utaratibu wa kumwandikia mwenye leseni wiki mbili kabla, kwamba tunakuja kukukagua, na hapo ndipo mchezo ulipokuwa. Mtu ambaye hajawahi kurusha hata kikohozi anaazima mtambo, anawasha jenereta, anaweka kanda ya arusi, wakaguzi wanapita, wanasikia vigelegele, wanaweka alama ya vyema, jioni mtambo unarudi kwa mwenyewe. Dada aliligundua danganya toto hilo kwa sababu ya mtoto mchanga, kwani kwenye kanda ile kuna mtoto analia mara tu bwana arusi anapoanza kushukuru, na dada akamsikia mtoto huyohuyo, kwa kilio hichohicho, katika leseni tano za watu watano tofauti, akarudi nyumbani akituambia kwamba yule mtoto kwa safari zake angestahili kuwa na leseni yake mwenyewe. Tulicheka sana, ila yeye kuanzia hapo aliacha kungoja barua, akawa anaegesha gari bila taarifa, na chupa yake ya chai, anasikiliza.

Tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa majokofu, ambaye kila mara alilalamika kwamba ameoa mwanamke anayesikia mashine inakufa akiwa jikoni kabla yeye hajafungua kifuniko, na walijaliwa watoto wawili, wa kiume aliye fundi pamoja na baba yake, na wa kike aliye muuguzi katika hospitali yetu, kwenye meza ya redio inayoita magari ya wagonjwa.

Magari hayo, kwa wasiojua, yanatumia masafa mamoja na walinzi wa maghala na madereva wa malori, kwa sababu hospitali iliomba masafa yake yenyewe ikaambiwa yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Yalikuwepo, yamekaliwa na kampuni moja ya usafirishaji kwa miaka kumi na moja, bila mtambo, bila hata antena juu ya paa, na mwaka 2022 dada aliyasikiliza mwezi mzima, akaandika kwamba yarudishwe serikalini, ipewe hospitali.

Badala ya kampuni kuulizwa, aliulizwa yeye. Wakubwa zake walisema anahamisha mali ya umma kwa manufaa ya mwanawe, wakamwita mbele ya kamati, naye hakupepesa macho, akawajibu: "Mwanangu haendi nayo nyumbani. Siku mkiugua ninyi, ndiye atakayewaitia gari." Wakamsimamisha kazi, kampuni ikaachiwa masafa yake na kuombwa radhi, na mwanamke aliyefanya kazi karibu miaka thelathini akawa anaitwa mwizi kwenye korido alizozizoea.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alikuwa na shinikizo la damu, na tangu asimamishwe lilikuwa halishuki. Tarehe 12 Machi mwaka huu, alasiri, akiwa karakana kwa mumewe, alishikwa na maumivu ya kifua, shemeji akapiga simu hospitali, na aliyekuwa zamu ni binti yao. Gari lilikuwa linarudi kupitia bondeni, ambako simu hazishiki, likabaki la kuitwa kwa redio tu, na binti yetu akaliita, akaliita tena, na kila alipofungua mdomo alifunikwa na walinzi wawili waliokuwa wakibishana nani ameondoka na funguo za geti. Siwalaumu walinzi, nao wamepangiwa hapohapo. Dada yetu alifariki njiani, nyuma ya pikapu ya jirani, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mumewe.

Msiniambie kwamba siku yake ilikuwa imefika. Huenda ilikuwa imefika, lakini gari halikufika, na hilo lina wenyewe. Nina hasira, na sioni sababu ya kuificha mbele ya mwili wake.

Familia inatoa shukrani kwa daktari aliyemtibu kwa miaka mitatu bila kumchoka, kwa jirani mwenye pikapu ambaye hakuuliza swali hata moja, kwa majirani wote mliolala nasi hapa, na kwa wenzake wawili wa gari la ukaguzi walioendelea kuja kumtembelea wakati kuonekana nyumbani kwake kulikuwa kosa. Shada lililoletwa na kampuni ya usafirishaji tumeliweka nje ya geti, aliyelileta atalikuta.

Mkurugenzi wa mamlaka yupo, ameketi mstari wa mbele, na ameomba nafasi ya kutoa rambirambi. Wengine nyumbani walitaka anyimwe, ila binti wa marehemu amesema apewe, mradi aanze na jambo moja, aseme mbele ya jeneza hili kama mama yake alikuwa mwizi au hakuwa.

Dada Sikio, umesikiliza vya kutosha, pumzika sasa kwa amani.

Mkurugenzi, kipaza sauti hiki hapa. Tunakusikiliza.