Marehemu Yusta Kihwele, Mpimaji wa Vyuma wa Mbalizi

Marehemu Yusta Kihwele alizaliwa Kalenga, Iringa, tarehe 14 Machi 1972, mtoto wa tatu wa Mzee Kasian Kihwele na Mama Severina. Tangu utotoni alikuwa mwoga, wala hakuona haya kusema hivyo. Radi ikipiga, yeye ndiye wa kwanza kuingia uvunguni.

Alisoma Kalenga, kisha sekondari Iringa mjini, akamalizia chuo cha ufundi Mbeya mwaka 1995. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika karakana moja ya Mbalizi, kupima vyuma vya malori vilivyotoka tanuruni. Alivipiga kwa nyundo nzito ya bembea aone vinastahimili kishindo kiasi gani. Chuma kikichomwa na kuzamishwa kwenye mafuta huwa kigumu sana, lakini kisiporudishwa motoni taratibu, hukatika ghafla kama kigae.

Mwaka 1999 alifunga ndoa na Nashoni Budeba, dereva wa malori, kijana wa Kisukuma kutoka Usangu. Wakwe walipoleta ng'ombe wa mahari, bibi harusi alijifungia jikoni mpaka ng'ombe wakaingizwa zizini.

Asubuhi moja ya Julai 2016, kipande cha majaribio kilikatika kwa pigo dogo. Kilikuwa kimechomwa pamoja na pini ya kuunganisha tela na lori aliyofungiwa Nashoni jana yake, naye alishafika Igowole kupakia magogo. Simu yake haikupatikana. Kwa woga Yusta alikosea namba kila alipobonyeza. Akamwomba mwenzake, Ezron, ampigie Esnath, mama lishe wa pale malori yanapopakia, amzuie Nashoni asiondoke.

Esnath alimpa Nashoni simu. Lori lilikuwa limeshajaa na vibarua wamekaa juu ya magogo. Nashoni alisema pini ni mpya, haina hata ufa.

"Haitaonyesha ufa, Baba Mercy," Yusta alimwambia. "Itakatika tu, mkiwa mteremkoni. Washushe watu."

Akawashusha. Yusta alipanda basi kwenda Igowole, amepakata pini nyingine. Walipoichomoa ile mbovu na kuiweka juu ya jiwe, Nashoni aliipiga nyundo mara moja tu, ikakatika. Akakaa chini vumbini. Tangu hapo, kila mumewe aliposafiri, Yusta hakula mpaka asikie sauti yake.

Februari 2024 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akatibiwa Mbeya. Jumapili, tarehe 8 Juni 2025, alimwambia mumewe, "Naogopa, Baba Mercy." Nashoni hakumdanganya. Alimjibu kuwa hata yeye anaogopa, akapanda kitandani na viatu vyake, akalala ubavuni pake. Hapo ndipo Yusta alipokata roho.

Ameacha mume, watoto wawili, Mercy na Aroni, mjukuu mmoja, na mama yake mzazi, Bibi Severina. Bwana ampokee, amtulize moyo, na kumpumzisha kwa amani.