Hospitali Wapo?

Ndani ya basi la kutoka Kigombe, mzee aliyepasuliwa utumbo wiki mbili zilizopita alikumbatia mto tumboni kila tulipopita shimo. Mama aliyekaa naye akamuuliza bila haya, "Babu, umejamba lini mara ya mwisho?" Nikageukia dirishani, masikio nikayaacha palepale.

"Juzi. Niliambiwa uji tu, lakini ningeukataaje ubwabwa wa hitima ya ndugu yangu? Hili tumbo la chango tu, mwanangu."

"Na nyongo unayotapika tangu alfajiri? Utumbo umeziba huo! Shuka hospitali!"

"Walishaukata shubiri mbili. Nikirudi watamaliza."

Konda akauliza kama kuna wa kushuka, "Hospitali wapo?"

"Yupo!" akajibu mama.

"Hayupo," akasema mzee, jasho likimtiririka, na gari likasimama.