Mwanzo wa Kila Kanda

Mchungaji, wafiwa wenzangu, majirani, na ninyi wa redio mlioketi safu ya pili, mnayemsikia ni mdogo wake marehemu, ninayemfuata kwa kuzaliwa, niliyetumwa na familia kusoma historia yake, na nitaisoma polepole kwa sababu yeye hakupenda mtu anayekimbiza maneno.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1955, mtoto wa kwanza kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, baba akiwa mlinzi wa kiwanda hicho na mama akishona nguo za watu barazani. Alianza shule ya msingi mwaka 1963 na kumaliza kidato cha nne Novemba 1974, na mama alizoea kusema kwamba binti huyu hasahau sauti, kwani mtu akipiga hodi, kabla mlango haujafunguliwa, yeye alikuwa ameshamtaja.

Tarehe 3 Mei 1976 aliajiriwa redioni, katika maktaba ya kanda, chumba kirefu kisicho na dirisha mwisho wa korido, ambako hotuba, mpira, nyimbo na mazungumzo ya wakulima, yote yaliyopata kurekodiwa, yaliwekwa rafuni. Mwaka huohuo paa lilivuja, karatasi za majina zikabanduka zikalala sakafuni, ikambidi asikilize kanda moja baada ya nyingine ili ajue ipi ni ipi, na tangu hapo hakuiamini tena karatasi. Kila kanda mpya ilipoletwa, alirekodi kipande kifupi kwa sauti yake mwenyewe na kukiunga mbele, akisema, "Unayemsikia ni fulani, siku fulani, mahali fulani, na walio pamoja naye ni hawa." Wenzake wakamwita Mama Kanda, naye akalipokea jina hilo kama cheo.

Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na fundi mitambo wa redio hiyohiyo, shemeji yetu huyu hapa, ambaye mwenyewe husema aliingia maktaba kuazima kanda na hajairudisha mpaka leo. Mungu aliwajalia watoto wanne, waliozaliwa 1982, 1984, 1987 na 1991, na nyumba yao ilikuwa ya kicheko, maana hata mezani utamsikia yule wa tatu akitangaza kwamba unayemsikia ni mwanao, yuko jikoni, na walio pamoja naye wamemaliza nyama yote.

Alistaafu tarehe 31 Agosti 2015, akaziacha kanda rafuni, kila moja ikijua jina lake.

Ndugu zangu, Maandiko yanatuonya kwamba jua lisizame tukiwa bado na hasira, basi niseme haya sasa, jua likiwa bado juu. Mwaka 2018 redio iliamua kuhamishia kanda kwenye kompyuta, jambo jema ambalo dada alikuwa ameliombea miaka mingi, lakini waliopewa kazi hiyo waliambiwa kila kipindi kianze safi, wakaiona sauti ya mwanamke pale mwanzoni kuwa si sehemu ya kipindi, wakaikata. Waliikata kwenye kila kanda waliyoigusa, kisha kanda zenyewe wakazichoma nyuma ya gereji, na leo kompyuta yao imejaa sauti za watu wasio na majina. Dada alipopata habari alikwenda getini, akaomba akae nao asikilize, awatajie watu upya, bila malipo, naye akajibiwa na kijana wa umri wa mwanawe, "Bibi, nenda kapumzike, kila kitu kiko kwenye kompyuta." Alirudi tena na tena, mpaka tarehe 9 Februari 2021 alipopata kiharusi, kikamchukua mkono wa kulia na kumfunga ulimi, lakini masikio Mungu akamwachia.

Juni 2022 redio ilimkumbuka mtangazaji wake wa zamani wa mpira, ikarusha sauti na kusema ndiye. Sote tulikuwa tumekaa kando ya kitanda, na dada akaanza kugonga ukingo wa kitanda kwa mkono wake mzima, akigonga na kulia, kwa sababu aliyesikika alikuwa mtu mwingine kabisa. Mjane wa mtangazaji huyo alipiga simu redioni, akaambiwa kwamba kompyuta haikosei.

Dada alifariki Jumamosi tarehe 11 Machi 2023, alfajiri, hospitalini, watoto wake wote wakiwapo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kulala nasi, mlinzi wa redio anayezifunika kwa turubai kanda ambazo bado hazijaguswa, zilizorundikwa koridoni karibu na choo, na mkutubi wa maktaba ya mji, ambaye tangu mwaka jana amezitengea rafu kavu na anangoja tu mkuu wa kituo akubali zitoke.

Mkuu wa kituo, jana ulikuja nyumbani na shada la maua, ukamwomba shemeji yangu akutafutie sauti ya marehemu kwa ajili ya kipindi cha kumbukumbu. Familia imenituma nikujibu mbele ya jeneza lake. Sisi hatuna. Sauti yake mnayo ninyi, iko mwanzoni mwa kila kanda ambayo hamjaikata. Mpeni mkutubi kanda hizo, nasi tutakwenda maktaba kumsikiliza, na maua haya mnaweza kurudi nayo.

Dada, ulimtaja kila aliyepita mikononi mwako, nasi tunaamini kwamba huko uendako nawe utaitwa kwa jina lako kamili. Pumzika kwa amani.