Mama Pima-Tena na Namba Nane Mbili

Marehemu tunayemzika leo, ambaye mtaa ulimwita Mama Pima-Tena, aliagiza wasifu wake usipambwe. Alisema mapambo huongeza bei tu. Familia imemtii.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya treni, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi breki na mshona magunia. Miaka mitatu baadaye akazaliwa mdogo wake wa kike, na hapo uzazi ukafunga. Walilala kitanda kimoja. Mdogo mtu husimulia kwamba nafasi ya upande wa ukutani ilikuwa ikiuzwa: ukimbebea dada ndoo yake ya maji, usiku unalala ukutani, usipombebea, unalala ukingoni na ukianguka ni shauri yako.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, tangu 1959 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1965. Huko mwalimu wa kazi za mikono aliwafundisha kufuma. Sindano za dukani zilikuwa ghali, kwa hiyo baba yao alikata spoki za gurudumu moja la baiskeli, akazinoa ncha kwenye jiwe, akawapa mabinti zake jozi moja moja. Zilikuwa sawa kabisa, kwa kuwa zilitoka gurudumu moja. Marehemu alikua akiamini kwamba sindano ni sindano, na kinachotofautiana ni mkono wa mfumaji. Kati ya mikono hiyo, wa mdogo wake ulikuwa bora, na marehemu hakumficha mtu hilo. "Mimi nauza, huyu anafuma," alikuwa akisema. "Tukibadilishana, wote tutalala njaa."

Alianza kazi mwaka 1967 katika chumba cha kushonea cha hospitali, akitia viraka mashuka. Mwaka 1974 akapanga chumba nyuma ya duka la viatu, akaweka viti vya mbao na meza moja, akaanza kufuma masweta ya sare za shule. Mdogo wake alikuwa naye tangu siku ya kwanza. Baadaye wakaongezeka wanawake wanne. Hakuna kipande kilichotoka chumbani humo kabla hajakitandaza mezani na kusema, "Pima tena." Jina likamganda.

Aliolewa tarehe 11 Desemba 1976 na fundi kufuli, mtu mpole aliyekuwa akicheka peke yake akifanya kazi. Siku ya harusi alimbana bei mpiga picha hadi yule bwana akakubali kupiga picha moja tu. Katika picha hiyo bwana harusi amefumba macho. Ndugu walipomwambia amlipe mpiga picha arudie, alijibu, "Mwacheni. Mimi nimeangalia kwa niaba ya wote wawili." Walijaliwa mabinti wawili na mwana mmoja, wakaishi pamoja hadi mume alipofariki mwaka 2009.

Sasa tunafika mahali ambapo baadhi yetu walitaka turuke.

Mwezi Mei mwaka 1986 shule moja iliagiza masweta mengi kuliko yote aliyowahi kupata. Sindano zilikuwa zimechakaa, akaenda kununua mpya. Muuzaji alikuwa amebakiwa na jozi moja tu ya zile za kijivu alizozizoea. Nyingine ilikuwa ya buluu, ya kiwanda kingine. Zote ziliandikwa namba nane. Akapunguziwa bei, akabeba zote mbili. Yeye akafuma migongo kwa zile za kijivu, mdogo wake akafuma vifua kwa zile za buluu.

Walipoanza kuunganisha, kila kifua kilikuwa chembamba kuliko mgongo wake kwa vidole viwili. Mnunuzi wa sare alikuwa amesimama mlangoni, na wale wanawake wanne walikuwa vitini.

"Unabana uzi kama mtu anayefunga mzigo wa wizi," marehemu alimwambia mdogo wake.

"Dada, nimefuma kama siku zote. Labda ni sindano."

"Hii namba nane, na hii namba nane. Au nane nayo ina mdogo wake?"

Chumba kikacheka. Hata mnunuzi alicheka.

Mdogo mtu akafumua, akafuma upya akilegeza uzi kwa makusudi. Mkono uliokwisha kutiwa shaka haufumi vizuri: kipande kilianza kipana chini, kikaishia chembamba mabegani. Mnunuzi akaondoka na oda yake. Marehemu akamwambia mdogo wake, mbele ya walewale, "Nenda kafume nyavu. Huko hata ukikosea samaki hawasemi."

Mdogo mtu aliweka sindano juu ya meza akatoka. Tangu siku ile hakufuma tena, hata soksi za watoto wake mwenyewe. Alipiga pasi kwa dobi hadi alipostaafu. Mtaani wakamwita Mkono Mbana, na waliomwita hivyo wengine hawakujua hata jina hilo lilitoka wapi. Dada na mdogo waliendelea kusalimiana, kuuguzana, kuhudhuriana. Lakini neno lile lilikaa kati yao kama kabati lisilopita mlangoni.

Mwaka 2011 marehemu, ambaye sasa alikuwa akiuza pia nyuzi na sindano, alimbana muuzaji wa jumla ampe nyongeza. Akapewa kibati chembamba chenye matundu, cha kupimia unene wa sindano. Alikaa dukani akichomeka moja moja, kama mchezo. Sindano ya kijivu ya kiwanda kilekile, namba nane, ilijaa tundu lake sawasawa. Ya buluu ya kile kiwanda kingine, namba nane, ilipenya tundu lilelile ikichezacheza. Ilikuwa nyembamba, na uzi unaofumwa kwa sindano nyembamba hutoa kitambaa chembamba, mkono uwe wa nani.

Alifunga duka adhuhuri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipofiwa. Tangu hapo sindano zote dukani zilipangwa kwa matundu ya kibati, si kwa namba zilizoandikwa. Binti yake mkubwa alipouliza sababu, alijibiwa, "Kila kiwanda na nane yake."

Kisha alibeba mfuko wa nyuzi nzuri za sufu hadi kwa mdogo wake.

"Za nini hizi?" mdogo mtu akauliza.

"Ufume. Zilikuwa sindano, si wewe."

"Nilikwambia. Ulinifukuza mbele ya nani?"

"Hayo ni ya zamani, mdogo wangu."

"Basi peleka na nyuzi zako hukohuko zamani."

Alitaka kitu kimoja: dada aseme maneno yaleyale, mbele ya wanawake walewale. Marehemu, ambaye maisha yake yote hakulipa bei ya kwanza, alijaribu kuishusha. Akasema atayasema mbele ya watoto. Kisha akasema mbele ya majirani wawili. "Dada," mdogo mtu akamjibu, "hii haina punguzo." Miaka ikapita hivyo, mmoja akingoja mwenzake alegeze, na mmoja wa wale wanawake akafariki, kisha wa pili.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2020. Mdogo wake alikuja kila wiki akamlisha uji, wakazungumzia bei ya sabuni na mafua ya wajukuu. Binti alimsihi mama yake: "Mama, si useme sasa? Amekaa hapo hapo." Akageukia ukutani. "Nikipata nafuu nitawaita wote." Hakupata. Siku chache kabla ya mwisho alisema, "Mtayasoma siku ya kunizika. Watu watakuwa wengi." Alifariki tarehe 14 Juni 2022, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka 71.

Mwanawe alipinga: mazishi si baraza. Binti akasema agizo ni agizo. Wakaenda kumuuliza mwenye haki. Mdogo mtu akasema, "Nilitaka mdomo wake, mnaniletea karatasi. Lakini someni. Nitakuwa nimekaa mbele." Familia inakiri kwamba hii ni nusu ya bei, na kwamba nusu nyingine hakuna aliyebaki wa kuilipa.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu saba, na mdogo wake, fundi wa kufuma, ambaye mkono wake haukuwa na kosa lolote. Wanawake wawili waliobaki wa chumba kile wako hapa. Wameombwa wasimame sentensi hii inaposomwa, ili isemwe mbele yao.

Marehemu na apumzike kwa amani. Na mdogo wake, aliye hai, naye aipate ya kwake.