Gaudence Kamugisha, Beki Aliyesema "Niachie"

Tumekutana Jumamosi hii, tarehe 28 Novemba 1998, kumuaga Gaudence Kamugisha kabla mwili wake haujasafirishwa kwenda Kanyigo, Bukoba, kuzikwa. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Lucas. Ameuandika kwa kujitaja hata yeye mwenyewe kwa jina, kwa sababu akianza kusema "mimi" hatafika mwisho.

Gaudence alizaliwa Kanyigo tarehe 12 Machi 1970, mtoto wa kwanza kati ya watatu wa marehemu Mzee Kamugisha na Mama Dorothea. Akiwa na miaka tisa aliugua homa ya viungo, akalala kitandani wiki sita. Alipona, watu wakasahau, kumbe moyo wake ulikuwa umeshaguswa.

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini, sekondari Bukoba mjini, na mwaka 1992 akapata stashahada Dar es Salaam. Septemba 1994 alikuja hapa Guangzhou kwa ufadhili. Alisoma Kichina mwaka mmoja, kisha uhandisi wa nguo. Lucas alimfuata mwaka 1996. Siku za Jumamosi Gaudence alikuwa mkalimani wa wafanyabiashara wa nyumbani kwenye soko la vitambaa la Zhongda. "Jifunzeni neno moja tu, *bu yao*, sitaki," aliwaambia. "Mengine nitasema mimi."

Lakini wengi wenu mlimfahamu kwa mpira. Alikuwa nahodha na beki wa kati wa timu ya wanafunzi wa Kiafrika. Mwaka jana tulifungwa mabao matano na chuo kimoja cha michezo cha hapa mjini. Walikuwa na mawinga wawili waliokuwa wakipokea mipira mirefu nyuma yetu watakavyo, na aliyeaibika kuliko wote alikuwa Lucas, beki wa kushoto. Jioni ile, kwenye mgahawa wa Bi Mwanakhamis mtaa wa Dengfeng, Gaudence alikusanya vikombe vyote mezani akavipanga.

"Kosa letu tunawafuata watu," alisema. "Wale wana mbio, utamfuata mtu mpaka Hong Kong. Linda eneo lako. Mpe nafasi ya mbele, mnyime ya nyuma. Akitoka kwako akaingia kwangu, nitaita 'Niachie!' Unamwachia, na hugeuki kutazama. Na aliye karibu amsumbue mpigaji. Asipopata muda wa kuinua kichwa, hao wapokeaji watabaki kupunga mikono."

Bi Mwanakhamis akatoka jikoni, mkono kiunoni. "Haya, beki, na mimi niachie vikombe vyangu! Watu wanangoja chai."

Gaudence hakujaliwa kufunga ndoa. Alimchumbia Mildred, mwanafunzi mwenzetu kutoka Kisumu. Barua ya posa ilishafika kwao na harusi ilipangwa Agosti mwakani. Mildred anasema kila walipovuka barabara, Gaudence alihamia upande magari yanakotokea, hata katikati ya maneno.

Septemba mwaka huu miguu yake ilianza kuvimba na pumzi ikawa fupi. Mwanzoni mwa Oktoba daktari alisema vali ya moyo imeharibika, akampiga marufuku kucheza. Gaudence alimwambia Lucas peke yake, tena akamwapisha. "Timu ikijua, watakaa kunionea huruma badala ya kukaba." Lucas alinyamaza wiki tano nzima. Kimya hicho kinamtafuna. Tarehe 10 Novemba Gaudence alianguka mazoezini, akalazwa.

Mechi ya marudiano na chuo kile ilikuwa Jumapili tarehe 22. Saa saba mchana Lucas alikuwa kando ya kitanda, ameshasema haendi popote. Gaudence, barakoa ya oksijeni usoni, aliinua mkono akatamka neno. Lucas alisikia "Niachie." Alikuwa amelizoea: ukiitwa hivyo unaachia, na hugeuki kutazama. Akaondoka bila kugeuka.

Mpira uliisha bila bila. Wale mawinga wawili hawakupiga shuti hata moja lililolenga goli. Lucas alikimbilia hospitali akiwa na jezi mwilini, amchekeshe kaka yake kwa habari hiyo. Gaudence alikuwa amefariki saa tisa na dakika kumi alasiri.

Kamati ya mazishi, kwa nia njema, iliandika kwamba alifariki akiwa amezungukwa na ndugu. Lucas ameufuta mstari huo. Ndugu yake alikuwa uwanjani. Tena mpaka leo hajui kama neno lile lilikuwa "Niachie," au lilikuwa "Usiniache," na barakoa ikameza mwanzo wake.

Jumanne Mama alipigiwa simu parokiani. Hakuuliza habari za ugonjwa.

"Nani alimfumba macho?"

"Muuguzi, mama."

"Anaitwa nani?"

"Sikumuuliza, mama."

"Wewe Lucas! Mtu amemfumba macho mwanangu, nawe hujamuuliza jina?"

Lucas alirudi hospitali. Muuguzi huyo anaitwa Liang, mama wa makamo. Alieleza kuwa alimshika Gaudence mkono tangu saa nane, na kwamba mgonjwa alirudia neno moja mpaka sauti ikaisha. Lucas alimwomba alitamke. Mama Liang alijaribu mara tatu, kwa upole, lakini kwa ulimi wake *niache* na *niachie* zilikuwa sauti moja. Lucas alimshukuru, akatoka, akalia ngazini.

Kesho Lucas anasafiri na jeneza. Kwa yale aliyosikia vibaya, kama alisikia vibaya, anamwomba kaka yake msamaha mbele yenu nyote.

Gaudence ameacha mama yake, Dorothea. Wadogo zake, Lucas na Revocatus. Na mchumba wake, Mildred. Ameacha pia Liang, muuguzi. Mama ameagiza jina lake liandikwe hapa, katika orodha ya ndugu, kwa sababu ndiye aliyekaa mahali pa ndugu.

Bwana ampokee Gaudence, ampe pumziko.