Leseni Iliyobaki Ukutani

Benchi liko upande wa magharibi wa jumba la mahakama la Kaunti ya Tolliver, hatua kumi na nne kutoka dirisha la karani. Jaji ndiye aliyezihesabu. Huyu Jaji si jaji. Aliwahi kuitwa mara moja kukaa na raia wenzake kusikiliza kesi ya ng'ombe aliyeibwa, na tangu siku hiyo hajaacha kutoa hukumu. Pembeni yake hukaa Bi Verna, waliyembatiza Redio, aliyepikia watoto wa shule miaka thelathini. Neno akilisikia saa mbili, saa tatu mji mzima unalo. Themosi ni yake, kwa hiyo kahawa ni yake, kwa hiyo hakuna anayemkata kauli. Wa tatu ni Delbert Kuykendall, au Nusu-Kazi. Baraza la nyumba yake linasimama kwa nguzo tatu; ya nne ataiweka wikiendi ijayo, na wikiendi hiyo inangojwa tangu mwanawe wa kwanza akiwa tumboni.

Jumanne ile Delbert alitoka kwa karani mikono mitupu, akakaa bila salamu.

— Vipi, Nusu-Kazi? Umeipata nakala ya cheti cha ndoa?

— Haipo.

— Haipo vipi? Umeoa miaka arobaini na mmoja, halafu haipo?

— Karani Imelda amekipekua kitabu cha ndoa cha mwaka ule ukurasa kwa ukurasa. Hata ndoa ya yule muuza matrekta aliyekimbiwa kabla keki haijaisha, imo. Yangu hakuna.

Redio akammiminia kahawa polepole, kama anavyomimina habari zikiwa nzuri.

— Kwani Mchungaji Pruitt hakuirudisha leseni? Akishawafungisha anatia sahihi, leseni inarudi kwa karani, inaandikwa kitabuni. Hilo hata kuku wangu wanalijua.

— Mchungaji, Mungu amrehemu, alinipa mimi niirudishe.

— Na wewe?

Delbert alikunywa kwanza.

— Iko ukutani. Sebuleni. Kwenye fremu.

Jaji alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Delbert aliiokota, akampa, akabaki kutazama buti zake. Alikuwa akiiona Jumatatu ile baada ya harusi kama jana: Oleta kando yake garini, leseni mapajani, akipitisha kidole kwenye ua la dhahabu lililozunguka ukingo na njiwa wawili pale juu. "Karatasi nzuri hivi," Oleta alisema, "tuwaachie watu tusiowajua?" Basi Delbert akapinda kona kwenda kwa fundi wa fremu. Kwa karani angepita baadaye. Baadaye!

— Sasa Imelda anasemaje? akauliza Redio.

— Anasema ndoa ipo, ila kitabu hakiijui.

— Imelda ni karani, akasema Jaji. — Sheria niulize mimi. We bwana si mume. We ni mpangaji.

— Mpangaji?

— Mpangaji anayelala chumba kikubwa. Na yule mbwa ni wa Oleta, kwa sababu ndiye anayemlisha.

— Mbwa muache! Tena nilimnunua mimi.

— Ngojeni, akasema Redio, macho yanang'aa. — Je, kama Pruitt aliwapa leseni mabwana harusi wote wairudishe wenyewe? Aliozesha nusu ya mji huu. Mnajua wanaume wa mji huu.

Jaji akashika goti lake.

— Ee Mungu wangu. Meya!

— Meya ni kapera! Na ana watoto sita!

— Na kwaya ya kanisa? Sauti ya pili yote ni wake za watu.

— Walikuwa wake za watu, Jaji. Walikuwa. Tena nenda makaburini. Yale mawe yaliyoandikwa "mke mpendwa", mchonga mawe atayafuta lini yote?

— Aandike tu "jirani mpendwa".

Walicheka mpaka benchi likalia. Delbert alicheka kidogo, kisha hakuweza tena.

— Nyinyi mnacheka. Leseni ya udereva ya Oleta inakwisha Ijumaa. Ofisi ya magari inataka karatasi ya kuonyesha Oleta Bohannon wa cheti cha kuzaliwa aligeukaje Oleta Kuykendall. Macho yangu hayaendeshi tena, mnajua. Asipoendesha yeye, tumekaa.

— Na Imelda hana dawa?

Delbert akatoa fomu mfukoni, imekunjwa mara nne.

— Anayo. Twende wote wawili, tuape mbele yake kwamba sisi ni mume na mke, tujaze hii, iandikwe kitabuni leo leo.

— Basi mwambie mkeo, yamekwisha.

— Mwambie wewe, Jaji. Miaka arobaini na mmoja ananiambia sijawahi kumaliza kitu. Nikamwambie hata harusi sikuimaliza?

Redio akamwongezea kahawa.

Kwenye ncha ya benchi alikuwa amekaa msichana aliyevaa buti mpya. Jina lake Marisol. Alikuja kuchukua leseni ya ndoa, na mchumba wake alikuwa amerudi nyumbani mbio kufuata kitambulisho alichosahau.

— Samahani, mzee. Naomba niione hiyo fomu.

Delbert akampa. Akaikunjua juu ya goti, akasoma akifuatisha kwa kidole.

— Hapa hawaulizi siku ya harusi. Wanauliza siku mliyokubaliana kuwa mume na mke. Mlikubaliana lini?

Delbert akamtazama Jaji.

— Usinitazame mimi, akasema Jaji. — Mimi mama mkwe alinitajia siku ya kwenda kupimwa suti, nikaenda.

— Wewe je, mama?

Redio akakohoa.

— Mimi... niliambiwa na watu.

— Wewe, Redio? Habari ya uchumba wako ukaipata kwa watu?

— Nyamaza, Jaji.

Lori dogo la bluu likasimama kando ya nyasi. Oleta akashuka, akafunga mlango kwa nyonga, kwa sababu mikono ilikuwa imeibeba fremu. Delbert akasimama.

— Oleta, mpenzi, nilikuwa nakuja kukuambia.

— Najua. Ulikuwa umefika nusu ya njia. Imelda kanipigia simu.

— Nilisahau, Oleta. Wallahi nilisahau.

— Mimi sikusahau. Mwaka wa pili nilikuwa naifuta vumbi, nikayasoma maandishi ya chini: irudishwe kwa karani.

— Ukanyamaza?

— Nikasema, huyu mtu hakuna kitabu kinachomshika, na kila jioni anarudi. Nikaitundika tena.

Marisol akanyoosha mkono wenye fomu.

— Shikamoo mama. Wanataka siku mliyokubaliana.

— Tarehe tisa Februari, akajibu Oleta hapo hapo. — Kwenye gari la baba yake, barafu imeziba kioo chote. Aliniambia, "Nadhani nitakuzoea." Nikamwambia, "Na mimi."

— Kumbe huko ndiko kuposa? akauliza Delbert.

— Mimi nilikuchukulia hivyo. Wewe ulikuwa unazungumzia nini?

Delbert akaipokea fremu kwa mikono miwili.

— Hilo hilo, alisema taratibu. — Hilo hilo, Oleta.

— Basi twende. Leo kuna kitu utakimaliza.

Wakaanza zile hatua kumi na nne. Marisol akatoa kalamu, akaandika tarehe kwenye kiganja chake, akafuta, akaandika tena. Redio akaiinamisha themosi juu ya kikombe: tone moja, likaishia hapo. Jaji hakuweza kujizuia.

— Nusu-Kazi! Na ile nguzo ya nne je?

Oleta hakugeuka.

— Hiyo muiache, alisema. — Mbwa ameshazoea kupita hapo.